Kontrola ipi ya breki za trela inafaa kwa pikapu inayovuta trela la ekseli mbili?

MvutaTrela_Houston aliandika:

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Houston, na kazi yangu ni kuchukua magari kwenye minada na kuyafikisha kwa wanunuzi wa hapa Texas. Mengine huyapeleka bandarini kwa ajili ya wateja walioko Kongo, ambako gari la usukani wa kushoto halina tatizo kwa kuwa wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikodi trela, na sasa nimenunua la kwangu. Ni trela la wazi la kubebea gari moja, lina ekseli mbili zenye uwezo wa pauni 3,500 kila moja, na kibati chake kinaonyesha kwamba uzito wake pamoja na mzigo usizidi pauni 7,000, yaani kilo 3,175 hivi. Likiwa tupu lina takriban pauni 2,000. Breki zake ni za umeme, zipo kwenye magurudumu yote manne, na plagi yake ni ya pini saba.

Gari ninalolitumia kuvuta ni Toyota Tundra ya mwaka 2010 yenye injini ya lita 5.7. Nyuma lina tundu la pini saba, lakini ndani sioni kontrola yoyote ya breki za trela, yaani kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye breki za trela pikapu inapofunga zake. Yale matrela ya kukodi yalikuwa na breki za kusukumwa, ambazo hujifunga zenyewe trela linapousukuma mkono wake mbele wakati pikapu inapunguza mwendo, kwa hiyo sikuwahi kuhitaji kifaa hiki.

Nimezunguka madukani na kuona aina tatu. Ipo ya bei ya chini ambayo muuzaji anasema inatosha kabisa. Ipo Tekonsha Prodigy P3, ambayo bei yake imechangamka. Ya tatu huchomekwa kati ya plagi ya trela na tundu la gari, haina waya wowote wa kufunga ndani, na huongozwa kwa simu. Ningependa kusikia kwa watu wanaovuta mizigo kila siku au wanaozifunga kontrola hizi kwa mikono yao: nichague ipi, na kwa sababu gani? Bei ninaiweza, ila sitaki kulipia kitu ambacho trela langu halikihitaji.


FundiUmeme_Columbus aliandika:

Ndugu Mvuta Trela, umefanya vema kuuliza kabla ya kununua. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Ohio, na kazi ya matrela huingia karakana yetu karibu kila wiki. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi huanza na kontrola ilhali jambo lenyewe linaanzia kwenye gurudumu la trela.

Ukifungua dramu ya trela lako utakuta shuu mbili za breki kama zilivyo kwenye gari la kawaida, lakini hutakuta silinda ya mafuta inayozisukuma. Badala yake kuna mkono wa chuma, na kwenye ncha yake kuna sumaku ya umeme yenye umbo la yai au duara. Umeme ukifika, sumaku hiyo inajivuta na kugusa uso wa ndani wa dramu inayozunguka. Dramu inaiburuta, mkono unasogea, na mkono ukisogea unazipanua shuu hadi zinakamata. Umeme ukiwa mwingi, sumaku inashika kwa nguvu zaidi na breki inauma zaidi. Kwa hiyo kazi yote ya kontrola ni kuamua umeme kiasi gani uende nyuma, na uende lini. Ikikosea kiasi au ikikosea wakati, pikapu yako ndiyo itakayobeba uzito wa trela peke yake, au trela ndilo litakaloivuta pikapu kwa kuistukia.

Ekseli za pauni 3,500 kwa kawaida huwa na breki za kipenyo cha inchi 10. Sumaku moja ya breki hizo ina ukinzani wa omu 3.2 hivi, kwa hiyo kwa volti 12 inakula karibu ampea 3.75. Wewe unazo nne zilizounganishwa sambamba, hivyo ukikanyaga breki hadi mwisho utahitaji takriban ampea 15. Tarakimu hiyo ndiyo inayokuambia waya uwe mnene kiasi gani na kikata umeme kiwe cha ampea ngapi. Maelekezo ya kawaida ya watengenezaji ni ampea 20 kwa ekseli moja au mbili, na ampea 30 kwa ekseli tatu au nne. Kontrola yoyote nzuri iliyopo sokoni inaimudu ekseli mbili bila taabu, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa sifa ya kwamba inavuta ekseli nne.

Tofauti inayopaswa kukugharimu fedha ni namna kontrola inavyotambua kwamba unafunga breki. Ile ya bei ya chini hufanya kazi kwa kuhesabu muda. Taa za breki za pikapu zikiwaka, inaanza kupeleka umeme nyuma na kuuongeza kidogo kidogo hadi kufikia kiwango ulichokipanga, na haijui kama umegusa pedeli kwa kidole cha mguu au umeikanyaga kwa hofu kwa sababu mtoto amekatiza barabara. Katika foleni, ukiegemeza mguu kwenye breki kwa sekunde kadhaa, trela litaendelea kukaza zaidi na zaidi ingawa wewe hukuongeza chochote. Katika dharura, ambapo unahitaji nguvu yote mara moja, itachukua muda wake kupanda. Unaweza kuipanga ipande haraka, lakini hapo ndipo itakapokurusha katika foleni. Huwezi kuipata sehemu moja inayofaa hali zote mbili.

Aina ya pili ina kitambuzi ndani kinachopima jinsi gari lenyewe linavyopunguza mwendo, kisha inapeleka umeme kwa uwiano huo huo. Ukifunga kidogo, trela linafunga kidogo. Ukikanyaga hadi chini, trela nalo linakamata kwa nguvu yake yote papo hapo. Prodigy P2 na P3 ni za aina hii, na pia Primus IQ ya kampuni hiyo hiyo ya Tekonsha, ambayo ni rahisi zaidi na inahudumia hadi ekseli tatu.

Ipo pia aina ya tatu, nayo ni kontrola inayotoka kiwandani ikiwa imejengwa ndani ya pikapu. Ford waliitoa kwenye pikapu zao kubwa za Super Duty za mwaka 2005, na wengine wakafuata baadaye. Hiyo inasoma shinikizo la mafuta ya breki ya pikapu yenyewe na inashirikiana na mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame. Mtu mwenye pikapu ya namna hiyo aitumie, asitafute nyingine. Tundra yako ya 2010 haina, kwa hiyo kwako uchaguzi ni kati ya aina mbili za kwanza, na mimi sina shaka: chukua inayofuata uwiano. Kama P3 unaiona ghali, P2 inafunga breki kwa ubora ule ule. Fedha ya ziada kwenye P3 inanunua skrini inayoandika maneno na kumbukumbu ya kuhifadhi mipangilio ya matrela tofauti.

Kabla ya kununua, lala chini ya dashibodi upande wa dereva na tochi. Tundra zilizotoka na maandalizi ya kuvuta trela zina soketi maalumu iliyoachwa hapo kwa ajili ya kontrola. Ukiiona, nunua pia waya wa kuunganishia wa Toyota kutoka Tekonsha. Utachomeka upande huu na upande ule na kazi imekwisha, bila kukata waya wowote wa gari. Usipoiona, zipo waya nne za kufunga: mweupe ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, mweusi unatoka betri kupitia kikata umeme, mwekundu unaenda kwenye swichi ya taa za breki, na wa buluu ndio unaokwenda nyuma hadi kwenye tundu la pini saba.


DadaWaMilima_Denver aliandika:

Nawasalimu wote. Fundi ameeleza upande wa umeme vizuri sana, nami naomba niongeze upande wa barabara, kwa sababu ninavuta trela la magari hapa Colorado na mara nyingi ninapita barabara kuu ya I-70.

Ukitoka kwenye handaki la Eisenhower, ambalo lipo kwenye mwinuko wa mita 3,400 hivi kutoka usawa wa bahari, ukielekea Denver, unakutana na mteremko unaofika asilimia 7. Breki za dramu zikishikwa mfululizo kwenye mteremko kama huo hupata joto hadi zinapoteza nguvu, na zikifika hapo hakuna kontrola duniani itakayozirudishia. Dereva anaanza kushuka akiwa tayari kwenye gia ya chini, injini ndiyo inayoshikilia mwendo, na breki anazitumia kwa vipindi: anafunga kwa uthabiti, anashusha mwendo, kisha anaziachia zipoe. Kwa mtindo huo kontrola ya uwiano ina faida kubwa, kwa sababu kila unapofunga, trela linafanya sehemu yake ya kazi tangu mwanzo. Ile ya kuhesabu muda inakawia kila mara, na mzigo wa kila mwanzo unaiangukia pikapu.

Jambo la pili ni swichi ya mkono. Kila kontrola ya ndani ina kiswichi cha kusogeza au kubana kwa vidole, ambacho hufunga breki za trela peke yake bila kugusa za pikapu. Wengi hukiona kama kitu cha kupimia tu. Siku trela litakapoanza kuyumba kushoto na kulia kwa sababu ya upepo au lori kubwa lililokupita, kiswichi hicho ndicho kitakachokuokoa. Unaachia mafuta taratibu, unashika usukani ukiwa umenyooka, na unakisogeza kiswichi. Trela linavutwa nyuma na kunyooka. Ukikanyaga breki za pikapu wakati huo, unaipa trela nafasi ya kuisukuma pikapu kwa nyuma na hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa sababu hiyo, ndugu Mvuta Trela, unapochagua mahali pa kuifunga kontrola, kaa kwenye kiti, funga mkanda, angalia mbele, kisha nyoosha mkono wa kulia bila kutazama. Kidole chako kinapofika ndipo pa kuifunga. Nimepanda pikapu za watu nikakuta kontrola imefichwa karibu na goti la kushoto ili isiharibu sura ya dashibodi, na hilo silielewi kabisa.

Hata hivyo, kiswichi hicho si tiba ya trela lililopakiwa vibaya. Uzito unaokaa kwenye mpira wa kuvutia, yaani lile tufe la chuma nyuma ya pikapu, uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Gari likipakiwa nyuma mno, sogeza mbele kabla hujaondoka. Magari mengi ya kawaida, kama Toyota Camry, injini yake ipo mbele, kwa hiyo ukilipandisha kinyumenyume uzito mkubwa unabaki nyuma ya ekseli za trela, na hapo ndipo kuyumba kunapoanzia.


KijanaWaNyasi_Dallas aliandika:

Wakubwa zangu, naheshimu maelezo yenu, lakini naomba nitoe mtazamo tofauti. Nina kampuni ndogo ya kukata nyasi na kutunza bustani, na nimetumia kontrola ya kuhesabu muda kwa miaka bila tatizo. Trela langu ni la ekseli moja, mzigo wake ni mashine zile zile kila siku, na njia zangu ni za mitaani kwa mwendo mdogo. Niliipanga mara moja na sijaigusa tena. Nadhani si haki kumwambia kila mtu kwamba bila kontrola ya bei kubwa hawezi kuvuta kwa usalama. Kwa mtu anayeanza biashara, tofauti hiyo ya bei ni matairi mawili ya trela.

Pia ningependa kusikia maoni kuhusu ile inayoongozwa kwa simu, kwa sababu nina pikapu mbili na trela moja, na kuhamisha kifaa kutoka gari moja kwenda jingine kwa kuchomoa tu kungenirahisishia kazi.


MsafiriWaLeicester aliandika:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nipo Uingereza na ninavuta trela la kubebea gari kwa Land Rover. Sijawahi kuona kontrola hizi zikiuzwa huku. Je, ninakosea kuvuta bila kuwa nayo?


FundiUmeme_Columbus aliandika:

Ndugu wa Leicester, hukosei. Matrela ya huko yenye uzito wa kuanzia kilo 750 hadi 3,500 hutumia breki za kusukumwa, kwa hiyo hakuna umeme wa kudhibiti. Wewe kagua mkono wa mbele wa trela na kebo zake, hayo yanakutosha.

Kijana wangu wa Dallas, hoja yako ina uzito na ninakubaliana na sehemu yake. Trela dogo, mzigo usiobadilika, mwendo mdogo, njia ile ile: katika hali hiyo kontrola ya kuhesabu muda inaweza kupangwa ikakaa sawa, kwa sababu kila kitu kinachoizunguka kimekaa sawa. Lakini ndugu yetu wa Houston asubuhi anavuta trela tupu la pauni 2,000, mchana analivuta likiwa na gari juu, na jioni yuko kwenye barabara kuu ambako magari yanasimama ghafla kutoka maili 70 kwa saa. Hali zake zinabadilika ndani ya siku moja. Kwake yeye ninashikilia neno langu.

Kuhusu ile ya simu, mfano unaojulikana ni Echo ya kampuni ya Curt. Ndani yake kuna kitambuzi cha mwendo, kwa hiyo ni ya uwiano, na inahudumia ekseli moja au mbili. Ukishaipanga inaendelea kufanya kazi hata simu ikizimika. Kwa mtu mwenye pikapu mbili, au anayeazima pikapu ya ndugu yake, ni suluhisho zuri. Kinachonizuia kumpendekezea dereva wa kila siku ni kile alichokieleza dada wa Denver: siku trela likiyumba, sitaki mtu awe anatafuta kitufe kwenye kioo cha simu ambacho huenda wakati huo kinaonyesha ramani au kinaita. Aidha kifaa chenyewe kipo nje, nyuma ya gari, penye maji, chumvi ya barabarani na mawe. Kimetengenezwa kuyastahimili, lakini ukaguzi wake uwe wa mara kwa mara.

Naomba pia niseme jambo ambalo karakanani ninalirudia hadi wateja wanachoka kulisikia. Kati ya watu wanaoniletea malalamiko kwamba kontrola yao ni mbovu, wengi tatizo lao liko kwenye waya wa ardhi. Ule waya mweupe wa trela ukiwa umelegea au umeota kutu, umeme wa kurudi unatafuta njia kupitia kwenye mpira wa kuvutia, ambao una grisi na unacheza, na breki zinakuwa na nguvu leo, kesho hazina. Pima kwa mita. Sumaku moja ikionyesha omu 3.2 iko sawa. Ikionyesha karibu na sifuri imepiga shoti, na isipoonyesha chochote waya wake umekatika. Ukipima ampea kwenye waya wa buluu huku mtu amebana kiswichi cha mkono hadi mwisho na ukapata 11 badala ya 15, ujue sumaku moja kati ya nne haifanyi kazi, na hapo unaanza kuitafuta gurudumu kwa gurudumu.


MvutaTrela_Houston aliandika:

Nawashukuru sana, na hasa nakushukuru dada kwa hilo la kupandisha gari kinyumenyume, kwa sababu magari yasiyowaka ya mnadani mara nyingi tunayavuta kwa winchi kwa upande wowote uliotangulia.

Nimelala chini ya dashibodi kama fundi alivyosema, na soketi ipo, imefungwa kwa utepe wa gundi juu ya pedeli ya breki ya kuegesha. Nimeamua kuchukua P3 pamoja na waya wake wa Toyota, kwa sababu nina mpango wa kuazima pia trela la kaka yangu na ile kumbukumbu ya mipangilio itanifaa. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, nitaipangaje nguvu yake ilhali breki za trela ni mpya kabisa? Pili, mbele ya trela kuna kisanduku chenye betri ndogo na kebo nyembamba yenye pini. Aliyeniuzia alisema niifunge kwenye mnyororo wa usalama. Je, ni sahihi?


MzeeWaBarabara_DesMoines aliandika:

Wanangu, nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na nimefurahi kuona mnaelekezana kwa utulivu. Nitalijibu swali la pili kwanza, maana linahusu maisha ya watu wengine barabarani.

Usiifunge kebo hiyo kwenye mnyororo. Ile ni breki ya dharura ya trela. Trela likichomoka kwenye pikapu, kebo inaivuta pini, swichi inaunganisha betri moja kwa moja na sumaku, na trela linajifunga lenyewe. Sheria ya shirikisho inayosimamia magari ya biashara inataka breki hizo zijifunge mara moja na zibaki zimefungwa kwa muda usiopungua dakika 15. Sasa ukiifunga kebo kwenye mnyororo, mnyororo ukichomoka kwenye ndoano yake kebo itaondoka nao bila kuivuta pini. Ifunge kwenye fremu au kwenye chuma cha kuvutia cha pikapu, mahali pake peke yake, iwe na ulegevu wa kutosha kwa kona kali lakini isiburuzike chini, na iwe fupi kuliko umbali ambao minyororo inaruhusu trela kwenda.

Kuipima ni rahisi. Chomoa plagi ya pini saba kwanza, ili umeme wa betri usirudi kwenye kontrola yako. Kisha chomoa pini, jaribu kulivuta trela mbele taratibu, na uone kama magurudumu yanakataa. Rudisha pini mara moja, kwa sababu ukiiacha nje betri inaisha na sumaku zinapata joto bure. Askari wa ukaguzi wa barabarani wanajua kuivuta pini hiyo, na betri iliyokufa inatosha kukuzuia pale pale. Kwa kuwa unafanya biashara, na pikapu yako pamoja na trela vinapita pauni 10,001 kwa uzito ulioandikwa na watengenezaji, ukivuka mpaka wa jimbo kwa kazi hiyo uko chini ya sheria za shirikisho na unatakiwa kuwa na namba ya usajili ya shirikisho. Ukiwa ndani ya Texas, breki zinatakiwa kwa trela linalozidi pauni 4,500 likiwa na mzigo. Majimbo yanatofautiana sana.

Nikija kwenye kupanga nguvu, breki mpya hazishiki vizuri mpaka shuu na dramu zizoeane. Dexter, ambao ni watengenezaji wakubwa wa ekseli hizi, wanaelekeza kufunga breki mara 20 hadi 30 ukishuka kutoka maili 40 kwa saa hadi maili 20, na kuziachia zipoe kati ya mara moja na nyingine. Tafuta barabara tulivu alfajiri ufanye kazi hiyo. Ukimaliza, nenda mahali tambarare na pakavu, endesha maili 25 kwa saa, halafu usiguse pedeli: sogeza kiswichi cha mkono hadi mwisho. Magurudumu ya trela yakikwama na kuburuzika, punguza nguvu kidogo na urudie. Trela likijivuta kivivu, ongeza na urudie. Unatafuta kiwango cha juu kabisa ambacho bado magurudumu yanazunguka. Fanya hivyo trela likiwa tupu, kisha likiwa na gari juu, na uandike tarakimu zote mbili kwenye karatasi uibandike kwenye kizuia jua cha dereva. Mvua ikinyesha, anza chini ya tarakimu hizo.

P3 ina pia kitufe cha kuongeza msukumo wa mwanzo. Kiache kimezimwa kwa sasa. Kikihitajika utajua, kwa sababu trela lililojaa litakuwa linaisukuma pikapu katika sekunde ya kwanza ya kila kusimama, hata kama baadaye linashika vizuri.

Baada ya maili 200 za kwanza zikaze shuu, maana zikilika kidogo mwanya unapanuka na sumaku inahangaika bila faida. Kisha ukague kila maili 3,000. Trela linainuliwa kwa jeki, gurudumu linazungushwa kwa mkono, na kigurudumu chenye meno kilicho nyuma ya dramu kinageuzwa kwa bisibisi hadi gurudumu ligome, halafu kinarudishwa hadi lizunguke likiwa na mguso mdogo tu wa shuu.


MvutaTrela_Houston aliandika:

Shikamoo mzee wangu, na asante. Kebo nimeihamishia kwenye chuma cha kuvutia. Swali la mwisho kabla sijaufunga uzi: skrini ikiandika kwamba trela halijaunganishwa nikiwa katikati ya safari, nifanye nini?


FundiUmeme_Columbus aliandika:

Washa taa za tahadhari, punguza mwendo kwa gia, na utoke barabarani mahali salama ukiacha nafasi kubwa mbele yako, kwa sababu wakati huo breki za trela hazipo. Mara nyingi utakuta plagi imelegea kwa sababu kifuniko cha tundu hakikuingia kwenye meno yake. Chomoa, angalia kama pini ina rangi ya kijani au nyeupe, isugue kwa brashi ndogo ya waya, urudishe hadi usikie kifuniko kimebana, kisha ubane kiswichi cha mkono huku umesimama. Tarakimu zikipanda kwenye skrini, umeme umefika. Zisipopanda, fuata waya wa buluu kuanzia kwenye plagi ya trela hadi pale unapogawanyika kwenda kwenye ekseli, maana hapo ndipo unapopenda kuchubuka kwenye fremu. Usiendelee na safari ukiwa na gari juu ya trela kabla hujapata jibu.